Sura ya Sita: Ua Lililoibwa Bila Sanduku Lake

Meja Agniya Tretyak alikuwa amepiga magoti kwenye ukumbi wa kuingilia, chini ya makoti mazito yaliyotundikwa ukutani, tochi mdomoni na kibano mkononi. Askari wa kituo cha mtaa walikwisha kuipekua nyumba yote. Walipindua magodoro, wakamwaga unga jikoni, kisha wakamchukua mhudumu wa mzee mwenye nyumba na kwenda naye. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuinama chini ya makoti.

Aliinua kitu kwa kibano na kukileta kwenye mwanga. Kilikuwa kinyoya cheupe, chepesi kiasi kwamba kilitikisika kwa pumzi yake. Kwenye ncha kilikuwa kimeshikwa na uzi wa dhahabu, na kwenye uzi kulimetameta kijiwe kidogo kuliko punje ya ulezi.

"Umepata nini, binti yangu?"

Profesa Innokenti Pavlovich Zarubin alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule, mkono mmoja umeshika mwimo. Alikuwa amefundisha elimu ya mimea chuo kikuu mpaka akastaafu, na maisha hayo hayo aliyatumia kukusanya vitu vya fahari vya zama za wafalme wa Urusi: visanduku vya dhahabu, fremu za picha, vyura na tembo wadogo wa mawe wenye macho ya yakuti. Leningrad nzima, kila aliyependa vitu hivyo alikuwa amewahi kunywa chai kwake. Sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na vitu vyake alivitazama zaidi kwa vidole.

"Kinyoya," Agniya alijibu, akakitia kwenye kichupa. "Twende tukae, Innokenti Pavlovich. Nieleze tena kilichoibwa."

"Nimeshawaeleza wenzako."

"Wenzangu wameandika: ua moja, la mapambo."

Mzee alitoa kicheko kikavu. "Ua moja, la mapambo! Basi na mimi ni babu mmoja, wa mapambo."

Alijiketisha kwenye kiti chake mbele ya kabati la vioo. Rafu ya katikati ilikuwa tupu.

"Unalijua ua la kupuliza? Lile linaloota kila mahali kiangazi, likikauka linakuwa kichwa cha manyoya meupe, watoto wanalipuliza? Basi fundi mmoja alilitengeneza hilo. Shina la dhahabu. Majani ya jiwe la kijani, yamechongwa membamba mpaka mwanga unapenya. Limesimama kwenye bilauri ya fuwele, na ukiiangalia utaapa ina maji ndani, kumbe ni jiwe tupu. Na kichwani ni manyoya halisi, Meja, ya ua halisi. Kila unyoya ameufunga kwa uzi wa dhahabu, kila uzi ameutia almasi. Mmea huu nimeusoma tangu ujana wangu, nimeandika juu yake mpaka wanafunzi wakanicheka, lakini sikuuona vizuri mpaka siku nilipouona umetengenezwa kwa dhahabu."

"Sasa, kitu kama hicho mtu anakibebaje?"

"Hakibebwi!" Mzee aliinua mikono. "Ukipiga chafya karibu yake umeua mtu. Kina sanduku lake, limechongwa ndani kwa umbo lake hasa, halikigusi popote ila kwenye shina."

"Na sanduku liko wapi?"

"Hapo chini. Mwizi hakuligusa."

Agniya alifungua droo ya chini. Sanduku la mti mweupe lilikuwapo, na kitambaa chake cha ndani kilikuwa safi. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akageuka kuangalia ukumbi, yalipokuwa makoti.

"Jumamosi walikuwapo nani?"

"Emil Karlovich Tidelman, rafiki yangu tangu tuko vijana. Na Faina, anayenihudumia. Tulikunywa chai, Faina akanipeleka chumbani kunitia dawa ya macho, tukarudi. Emil akaaga. Jioni nilipofungua kabati kulitakia ua langu usiku mwema, mkono ukashika hewa."

"Ufunguo unakaa wapi?"

"Ndani ya lile birika la shaba. Wote wanajua. Kwa nini nifiche? Watu wanaokuja hapa ni watu wangu." Sauti yake ilipungua. "Na wiki hii watu wa makumbusho walikuwa waje kulitazama. Nimekubali wakalionyeshe kwenye maonyesho yao, watu walione kabla sijafa."

*

Faina Mokeyeva alikuwa mwanamke mnene wa makamo, na alikaa kwenye benchi la mahabusu kama mtu aliyekaa stesheni akisubiri treni iliyochelewa kwa makusudi.

"Umekuja na wewe kuniuliza nimelificha wapi?" alisema kabla Agniya hajaketi. "Nimelila. Na mkate mweusi. Andika."

"Nimekuja kukuuliza unavyofuta vumbi."

Faina alimkazia macho. "Unanitania, mama?"

"Hapana. Kabati la vioo. Unalifutaje?"

"Nafunga leso mdomoni. Nafunga dirisha, nafunga mlango, namfungia paka jikoni. Nikifika rafu ya lile ua nazuia pumzi mpaka masikio yanalia. Siku ya kwanza kazini mzee alinifundisha saa nzima. Nikamwambia, Innokenti Pavlovich, hata mtoto mchanga sikufundishwa kumshika hivi."

"Ungetaka kulitoa nje ya nyumba, ungefanyaje?"

"Ningelitia kwenye sanduku lake, ningefanyaje kingine? Ukilitia mfukoni unatoka na kijiti." Ghafla akaelewa alichoulizwa. "Lilitiwa mfukoni?"

"Kaa na subira kidogo, Faina."

"Subira ninayo. Asiyekuwa nayo ni mzee. Nani anamtia dawa?"

Agniya aliahidi atamtuma nesi wa zahanati, akatoka, na kwenye ngazi akakutana na mkuu wake, Kanali Bugrov, akipanda huku anahema.

"Agniya Savelyevna! Nilikuwa nakutafuta. Yule mhudumu amekiri?"

"Hana cha kukiri, Ndugu Kanali."

"Atakuwa nacho. Mfungulie mashtaka, tufunge faili. Simu imetoka juu."

"Juu wapi?"

Bugrov aliangalia ngazi, juu na chini. "Ofisini kwa Ndugu Chuprov. Yeye mwenyewe ameuliza, mbona tunachelewa kwenye jambo dogo kama hili."

Arsenti Chuprov alikuwa mkubwa wa jiji. Akipita kwenye korido, watu walifunga vifungo vya makoti yao.

"Jambo dogo kama hili," Agniya alirudia. "Basi yeye amelijuaje?"

"Usianze."

"Nauliza tu, Ndugu Kanali. Mama mmoja mfuta vumbi, na mzee mmoja mwenye ukungu wa macho. Mtu kama Chuprov ananyanyua simu kwa ajili yao?"

"Nimekwambia usianze," Bugrov alisema, akaendelea kupanda.

*

Roza Davidovna alikuwa mtaalamu wa vito wa maabara ya uchunguzi. Alikitazama kijiwe kwenye hadubini huku akitafuna kipande cha tufaha, na Agniya alijua mambo yameharibika alipoacha kutafuna.

"Hiki umeniambia ni cha lini?"

"Cha kabla ya mapinduzi. Almasi."

"Njoo uone." Alikipulizia pumzi kijiwe, wakatazama pamoja. "Almasi ukiipulizia, ukungu unaondoka papo hapo. Hii bado inajifikiria. Na tazama kingo zake, si kali. Hii si almasi, mpenzi. Ni fianiti, jiwe la kupikwa maabara. Wanasayansi wetu wa Moskva ndio walioanza kulipika, na mimi nilikuwa nimeshapata mvi."

"Kwa hiyo haliwezi kuwa la zama za wafalme."

"Labda kama mfalme alirudi akaliacha." Roza alirudi kwenye tufaha lake. "Lakini kazi yenyewe ni ya kupendeza. Tazama uzi ulivyozungushwa. Huyu si tapeli wa sokoni. Ni mtu wa mikono mizuri sana, amekaa nayo kwa upendo."

Agniya alikwenda dirishani. Nje, wafanyakazi waliofungwa kamba walikuwa juu ya paa la jengo la pili wakivunja barafu ya Machi na kuisukuma barabarani, na vipande vilipasuka chini kama sahani.

Sasa mambo yalianza kukaa kwenye mstari. Mwizi alilisukuma ua kwenye mfuko wa koti lake pale pale ukumbini, bila kujali manyoya, na unyoya mmoja ukamtoroka. Mtu asiyejua thamani yake angeweza kufanya hivyo, lakini ndani ya nyumba ile mtu wa aina hiyo hakuwapo. Alibaki mtu mmoja tu: aliyejua kwamba halina thamani. Na mtu wa namna hiyo hakuiba ili auze. Alitaka watu wa makumbusho wasilitie machoni.

Alichukua simu ya Roza Davidovna.

"Innokenti Pavlovich? Swali moja. Ua lako limewahi kutoka nyumbani?"

"Kamwe," mzee alijibu. Kisha, "Ah, mara moja. Mke wangu Ksenia alikuwa bado hai. Jani moja lililegea, akampa Emil alitengeneze. Emil alikuwa fundi wa lenzi kiwandani, Meja, mikono yake ni ya dhahabu. Lilirudi kama jipya."

"Kama jipya," alisema Agniya. "Asante."

*

Emil Karlovich Tidelman alifungua mlango akiwa amevaa aproni ya ngozi. Alikuwa mrefu, amekonda, ndevu zimechongwa vizuri. Alimkaribisha kwenye chumba kimoja kilichokuwa chumba cha kulala, cha kulia na karakana kwa pamoja. Alimimina chai, akasogeza bakuli la jamu ya zabibu nyeusi.

"Vipi Innokenti?" aliuliza.

"Anasubiri nesi wa kumtia dawa ya macho. Anayemtia tumemfunga."

Kijiko cha mzee kiligonga bakuli. "Nilidhani watamwachia. Hakuna ushahidi juu yake."

"Keshokutwa utakuwapo. Kuna watu wanaujua ufundi wa kutengeneza ushahidi kama wewe unavyojua kutengeneza majani ya mawe."

Agniya alikitoa kichupa mfukoni, akakiweka katikati ya meza.

"Kinyoya hiki kilianguka kutoka kwenye koti lako. Jiwe lake limepikwa maabara. Ua la Innokenti Pavlovich ni kazi yako, na Jumamosi ulilichukua kwa sababu wataalamu walikuwa wanakuja. Hayo nimeshayajua, Emil Karlovich, hata ukinyamaza mpaka kiangazi. Ninalotaka kwako ni moja. La kweli liko wapi? Uliliuza?"

"Kuliuza!" Mzee aliruka kama aliyechomwa sindano. "Mimi? Unajua kulitengeneza lile kulinichukua nini? Majira mawili ya kiangazi nilikuwa natambaa kwenye majani nje ya mji, nachagua manyoya, watoto wananizomea babu mwendawazimu! Nimwibie Innokenti?"

"Basi niambie. Faina yuko kwenye benchi la mbao, na mgongo wake haufai kwa mbao."

Tidelman alivua aproni polepole, akaikunja, akakaa tena.

"Unamjua mwana wa Innokenti, Platon?"

"Mwanajiolojia. Yuko kaskazini."

"Yuko kaskazini kwa kazi. Angekuwa huko kambini, kama mfungwa. Walimkamata na karatasi, maandishi yaliyokatazwa, amewapa rafiki zake wasome. Alikuwa apate miaka mingi. Innokenti alikwenda huku na huku, anaandika barua, anaamini haki. Ksenia hakuandika barua. Alikwenda kwa mtu mmoja ambaye neno lake lilitosha. Mtu huyo akamwambia kwa upole kabisa kwamba mke wake anapenda sana vitu vya kale, na amesikia kuna ua nyumbani kwa profesa."

"Ksenia Andreyevna akamwachia ua lile."

"Mimi ndiye niliyempelekea, kwa mikono hii. Lilikwenda limefungwa kwenye sanduku la kofia na pamba. Sanduku lake lilibaki, maana la kwangu lilipaswa kurudi ndani yake. Nilimdanganya kwamba jani limelegea, na kazi ni ndefu. Mpaka nalirudisha la kwangu, Platon alikuwa ameachiwa, na macho ya Innokenti yalikuwa yameanza kufifia. Hakuona tofauti. Ksenia akaniapisha. Akafa, nikabaki na kiapo."

"Na mtu huyo ni Arsenti Chuprov," Agniya alisema.

Tidelman alimtazama kwa hofu. "Nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe. Alipiga simu mapema mno."

Mzee alifunika uso. "Huwezi kumgusa huyo. Na Innokenti asijue. Anaamini mwanawe aliokolewa na haki. Mwachie hilo, Meja. Nikamate mimi. Sema nimeliiba, nimelivunja, nimelitupa mtoni."

"Uongo huo ndio uliomweka Faina ndani," Agniya alisema. "Vaa koti lako. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, na mimi nitakuwapo. La sivyo atasomewa na mtu asiyemjua, mahakamani, mbele ya watu."

*

Innokenti Pavlovich aliwasikiliza ameketi wima, mikono juu ya magoti. Tidelman alizungumza ameangalia zulia. Alipomaliza, alitoa kwenye mfuko wa koti lake bahasha, akamwekea mzee kiganjani kile kilichobaki: shina, majani, na nyuzi zilizopinda.

Mzee alipapasa majani kwa ncha ya kidole.

"Ni kazi nzuri, Emil," alisema.

"Nisamehe."

"Alilia? Ulipolichukua, Ksenia alilia?"

"Hapana. Alisema Platon akirudi atakula supu, na ua halili supu."

Mzee alicheka, na kicheko kikakatika njiani. Tidelman alinyoosha mkono, akaurudisha.

"Nilidhani ungeumia ukijua," alisema.

"Naumia. Lakini siyo kwa unalodhani." Innokenti Pavlovich aligeuza uso wake kuelekea kabati. "Alinificha kwa sababu alijua kwamba kama angeniuliza, ningesita. Mwishowe ningelitoa, lakini kwanza ningesita. Mwanangu yupo gerezani, na mimi ningekwenda kulitazama mara moja tena. Ksenia alinijua." Alifuta macho kwa kiganja. "Meja, unahitaji nini kutoka kwangu ili Faina arudi?"

"Maelezo yenu wote wawili. Na jina la Platon litatajwa."

"Mtaje. Nitampigia simu, nimwambie mama yake alifanya nini. Ni haki yake kujua."

Tidelman aliandika kwa mwandiko wa fundi, herufi moja moja. Mzee aliweka sahihi mahali Agniya alipomwelekeza mkono.

*

Bugrov alizisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akazisoma ameketi.

"Mwachie yule mama leo hii," alisema hatimaye. "Tidelman nitampa onyo. Na huu ukurasa wa pili, wenye jina, tunautoa. Kila mtu analala kwake."

"Ukurasa wa pili unabaki."

"Agniya Savelyevna. Unajua watakupeleka wapi?"

"Kuhesabu baiskeli zilizoibwa Pskov."

"Ukiwa na bahati!"

"Pskov kuna hewa nzuri. Mweke Faina huru sasa hivi, Ndugu Kanali, kabla hujaogopa zaidi. Nakala nimeshaipeleka kwa mwendesha mashtaka, na ameipokea kwa mikono yake mbele ya makarani."

Bugrov alinyanyua simu, akaishika bila kupiga. Kisha alipiga chini, mahabusu, akatamka jina la Faina Mokeyeva. Agniya alisubiri mpaka alipomwona mwanamke yule akivuka uwanja wa kituo na bunda lake kwapani, akiwagombeza askari waliomfungulia geti kwamba wamemchelewesha. Ndipo naye akatoka.

Nyumba ya Chuprov ilikuwa ng'ambo ya mto. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alikisoma kitambulisho cha Agniya bila wasiwasi wowote.

"Arsenti anarudi sasa hivi kula. Umekuja kwa kazi? Basi ingia, usisimame kwenye baridi. Mimi ni Varvara Nikitichna. Unapenda vitu vya kale?"

"Siku hizi naanza kuvipenda."

"Ah! Basi subiri nikuonyeshe kitu. Lakini zuia pumzi."

Lilikuwa kwenye chumba chake mwenyewe, chini ya kuba la kioo, karibu na dirisha. Agniya alikuwa amelisikia likisimuliwa na watu wawili, na bado hakuwa tayari. Mwanga wa mchana ulipita kwenye majani ya kijani. Kichwa cheupe kilikaa juu ya shina kama kitu kitakachoruka mtu akikohoa, na ndani yake almasi ziliwaka na kuzimika kila alipogeuza shingo. Kwenye fuwele, maji ambayo hayakuwapo yalionekana yametulia. Alijikuta kweli amezuia pumzi.

"Kila asubuhi nakunywa chai yangu hapa," Varvara Nikitichna alinong'ona. "Nimesoma kila kilichoandikwa juu ya mafundi hawa. Mume wangu alinipa siku yangu ya kuzaliwa. Ni urithi, kutoka kwa bibi yake."

"Bibi yake alikuwa nani?"

"Bibi yake?" Mwanamke alitabasamu. "Alikamua ng'ombe, kijijini, huko Vologda. Arsenti analisema kwenye kila hotuba, kwamba yeye ametoka kwenye..."

Hakumaliza. Agniya hakumsaidia. Alisimama tu, akamtazama akiyasikia maneno yake mwenyewe, huenda kwa mara ya kwanza, huenda si kwa mara ya kwanza. Rangi ilimtoka mashavuni. Alivaa miwani yake, akaliangalia ua, kisha akamwangalia Agniya.

"Ni la nani?" aliuliza.

"La profesa mmoja wa mimea. Mke wake alilitoa ili mtoto wao asifungwe."

"Amelitoa kwa nani?"

"Hilo nimekuja kumwuliza mumeo."

Chini, mlango wa barabarani ulifunguka, na hatua nzito zikaanza kupanda ngazi. Mtu alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kwa furaha ya mtu anayeisikia harufu ya chakula. Varvara Nikitichna alinyoosha mgongo. Alivuta viti viwili, akavipanga kuelekea mlango, akakaa kwenye kimoja.

"Keti, Meja," alisema. "Mwulize mbele yangu."